Shimo Lililovuka Ukuta

Jumamosi, jioni. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua imekataa kushuka. Joto la Boko, hapa Dar, likiwa la aina hii linakubana hata ukikaa nje na kanga moja. Nimekaa barazani, ila si kwa sababu ya joto. Nimekaa hapa kwa sababu ndani sitaki kukaa.

Mikono bado haijatulia. Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikashindwa, nikaacha. Mie, ambaye natunga uzi hata umeme ukikatika.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwani mambo yamepandana.

Wanaonisoma siku zote wanajua nashona mapazia. Nilifika mjini kutoka Masasi na cherehani moja ya mkono, ya kuazima, na sasa nina mbili za umeme na meza ya kukatia niliyochongesha kwa kipimo changu. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo si kwa majivuno. Nataka mjue hiki chumba cha nyuma ninachofanyia kazi ni nini kwangu. Wateja wanakijua. Vitambaa vyao viko humo. Kila kitu nilicho nacho kimetoka humo.

Nyumba yenyewe ni moja iliyokatwa katikati kwa ukuta, pande mbili, kila upande na mlango wake na mita yake ya maji. Huku nakaa mie. Kule wanakaa Idi na mkewe Zaina. Idi anafanya kazi gereji, kijana mpole, akikusalimia anavua kofia. Zaina alikwenda kwao Tanga kujifungulia kwa mama yake, kama tunavyofanya na mtoto wa kwanza. Amepata binti. Arobaini imeisha, na anarudi kesho.

Chumba chao cha kulala na chumba changu cha kazi vinachangia ukuta mmoja.

Sasa, maji.

Mie ni mtu wa mahesabu. Naijua mita yangu kama ninavyojua shingo ya nguo. Nakaa peke yangu, sifugi, sifui nguo za watu. Lakini mita ilianza kukimbia. Mwezi wa kwanza nikasema labda wamekosea kusoma. Mwezi uliofuata ikapanda tena, matumizi ya familia ya watu sita na mbwa wao. Nikafunga koki zote ndani ya nyumba, nikatoka na kiti, nikakaa mbele ya mita nikiitazama. Kile kigurudumu chekundu kikawa kinazunguka. Taratibu, kwa raha zake, kama feni.

Kwa hiyo kuna mahali panavuja. Hiyo ni hesabu rahisi. Isiyo rahisi ni hii: hakuna mahali palipolowa.

Nikamwita Shabani, fundi bomba wa hapa mtaani. Shabani ana mdomo kuliko mikono, lakini akiitwa anakuja, na kwa fundi hiyo ni sifa kubwa. Akabadilisha koki ya jikoni. Akabadilisha kifaa cha ndani ya tangi la choo. Akachimba uani kufuata bomba, akaniachia mtaro kama tunazika nyaya, mchanga mkavu tupu mpaka chini. Kigurudumu kikaendelea kuzunguka. Akaniambia labda mita yangu ina jini. Nikamwambia hilo jini linakunywa maji mengi, alitafute.

Maji hayapotei hivi hivi. Yakitoka kwenye bomba yanakwenda mahali. Ukutani hakuna unyevu, sakafuni hakuna, nje hakuna. Nililala na swali hilo mpaka nikawa naliota.

Jumatano tailizi moja ikapasuka chumba cha kazi, pale mguu wa meza ya kukatia unapokanyaga, karibu na ukuta. Ilipasuka mchana nikiwa nimesimama hapo hapo napiga pasi. Sauti kama ya biskuti. Nikainama, nikaigonga kwa mkasi. Nikagonga na tailizi ya jirani yake. Nikasogea nikagonga ya mlangoni.

Hazikutoa sauti moja. Ya mlangoni ilikuwa nzito, hizi za ukutani zililia kama debe tupu.

Alhamisi asubuhi Shabani akaja na tindo na nyundo. Bomba linalokwenda jikoni linapita chini ya chumba hicho, akasema, tufungue tuone. Tukasogeza meza. Tukahamisha majora ya vitambaa mpaka kitandani kwangu. Akaanza kutoa tailizi akitokea mlangoni kuelekea ukutani, huku ananisimulia habari za mke wa pili anayemfikiria. Chini ya tailizi kulikuwa na zege jembamba sana, la kupaka tu. Shabani akalicheka. Akasema aliyelimwaga alikuwa anakisia.

Alipokaribia ukuta akapiga nyundo mara moja. Zege likaingia ndani.

Likaingia ndani, halafu nyundo ikaponyoka mkononi mwake ikafuata. Tukasubiri kusikia ikigonga chini. Haikugonga. Ilichelewa, kisha ikadumbukia kwenye maji.

Shabani aliruka nyuma mpaka mlangoni. Sijawahi kumwona akikimbia. Alisimama pale, mkono kifuani, akaniambia, "Dada Vero, nyundo yangu imehama nyumba."

Sikucheka. Nilikuwa nimesimama na visigino juu ya zege hilo hilo.

Harufu ikapanda. Si kali, ni ya zamani, kama debe lililofunikwa miaka likafunguliwa. Mtu aliyekulia nyumba ya choo cha shimo haambiwi hiyo ni harufu ya nini.

Nilirudi nyuma nikishika ukuta. Nikakaa kizingitini. Naona nilikaa muda mrefu kidogo, maana Shabani alinipa maji ya kunywa, kisha akayanywa mwenyewe.

Tulipopata akili tukaendelea kuvunja, polepole, tukisimama upande ambao ni mgumu. Picha ikajitokeza yenyewe. Kulikuwa na shimo la choo la duara, limejengewa tofali pembeni kwa sababu mchanga wa huku haushiki. Juu ya shimo walilaza magogo ya mnazi. Juu ya magogo, mabati mabovu na udongo. Juu ya udongo, lile zege la kukisia. Juu ya zege, tailizi nzuri za maua. Na juu ya tailizi, mie na cherehani zangu na majora yangu na wateja wangu waliokuwa wanasimama hapo kuchagua rangi.

Bomba lilikuwa limepita juu ya gogo la kwanza. Kiungio chake kilikuwa kimeachia. Maji yalitoka hapo kama mkojo wa mtoto, yakadondokea shimoni, na chini mchanga ukayanywa. Ndiyo maana sikuona tone. Nyumba ilikuwa inayapokea maji yote na kuyaficha.

Na magogo yalikuwa yameyanywa pia. Shabani aliingiza bisibisi kwenye gogo la kwanza ikazama yote bila kusukumwa. Alipoichomoa ilitoka na uji wa kahawia.

Nilimpigia mwenye nyumba, Mzee Kibwana. Anakaa mtaa huu huu, hatua chache tu. Alikuja kwa miguu na tasbihi mkononi, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole kama kawaida yake. Nilitegemea ashtuke. Nilikuwa nimejiandaa hata kumshika asianguke, maana ni mtu mzima. Akasogea mpaka ukingoni, akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani aliyekonda.

"Mwanangu," akaniambia, "hilo nalijua. Nililichimba mwenyewe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Alisimulia bila haraka. Nyumba ya mwanzo ilikuwa ndogo, vyumba viwili, na choo kilikuwa uani. Shimo lilipojaa walilitapisha likabaki tupu, wakaja wakachimba jipya kule mbele. Familia ikakua, wakaongeza vyumba nyuma. Uwanja wenyewe mdogo, wakajenga pale pale. Minazi ilikuwepo ya kukata. Watoto wake wote wamelala chumba hiki, akasema, wamekua, wameoa, na hakuna aliyeanguka. Halafu akanyoosha mkono wenye tasbihi kuonyesha mtaa mzima, nyumba ile, na ile, na ile ya bluu yenye duka. Zote hivyo hivyo. Ulidhani vyoo vya zamani vilikwenda wapi, akaniuliza.

Hapo ndipo nilipohisi kama nimepigwa na kitu kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mwongo. Mbele yangu kuna mzee anayesema kweli, amesimama ukingoni mwa shimo na ndala zake, na haoni tatizo.

Alisema atatafuta mchanga na kifusi, shimo lijazwe, zege jipya lenye nondo limwagwe, tailizi zirudi. Kwa gharama yake. Kama ungekuwa nyumbani kwangu siku ile ungesema mwenye nyumba wa namna hii ni mmoja kwa mia, na usingekosea. Wengine wangeniambia nitengeneze halafu tukatane kwenye kodi.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye tofali za shimo.

Wateja wangu wengine huniletea kipande cha kitambaa cha meza ya duara kilichoungua au kuliwa na panya, wanataka kingine sawasawa na kile. Kipande tu, duara zima halipo. Nachukua futi yangu ya kamba, napima upana wa kipande kutoka ncha hadi ncha, napima kilivyotokeza katikati, na kutoka hapo napata duara lote, na katikati yake ilikuwa wapi. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka mkono unafanya wenyewe.

Mkono ukafanya wenyewe. Nililala kifudifudi kwenye sehemu ngumu, Shabani ameshika miguu yangu, nikapima. Kufuata ukuta, shimo lilikuwa na mita moja na themanini. Kutokeza kuja kwangu, sentimita sitini.

Nikapiga hesabu kichwani. Sikuiamini, nikapiga kwenye simu.

Katikati ya duara hilo haiko kwangu. Iko ng'ambo ya ukuta. Shimo zima lina karibu mita mbili, na mie ninazo hizo sitini tu. Zilizobaki, mita moja na thelathini na tano, zimepita chini ya ukuta na kwenda kwa Idi. Toa unene wa tofali, bado una mita moja na ushee chini ya chumba cha kulala cha watu.

Nikawasha tochi ya simu nikamulika chini ya ukuta. Ulikuwa umekaa juu ya mkanda wa zege uliovuka shimo kama daraja. Na magogo yalikuwa yanapita chini ya mkanda huo, marefu, yanaingia gizani. Gogo ni lile lile. Ncha hii iliyogeuka uji iko kwangu, na ncha nyingine iko chini ya kitanda chao.

Nikamweleza Mzee. Nilimwonyesha futi, nikamwonyesha na hesabu. Akaniambia kule kukavu, bomba halipiti kule. Nikasema Mzee, gogo ni moja. Mti ukilowa mguu, kichwa kinakaa kikavu? Akahesabu tasbihi mbili tatu.

Kisha akaniambia maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo. Aliyasema kwa huruma, hilo lazima nilikiri.

"Yule binti ndiyo kwanza anatoka uzazini. Ukimpa habari ya shimo atashtuka, maziwa yatakata, mtoto atapata tabu. Acha tujaze hapa. Kule nitakuja kushughulikia taratibu, mtoto akishakomaa."

Na alipokuwa anavaa ndala zake vizuri mlangoni akaongeza, kama amekumbuka tu, kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kwamba mie na yeye tumekaa vizuri siku zote.

Tumekaa vizuri. Ni kweli.

Shabani alikuwa anafungasha vifaa vyake. Aliponipita akaniuliza nyundo yake inadaiwa kwa nani.

Jioni ile Idi alirudi kutoka gereji akakuta rundo la kifusi mbele ya mlango wangu. Akavua kofia, akauliza kulikoni. Nikamjibu bomba limepasuka chini ya sakafu.

Ni kweli. Bomba lilipasuka. Nilisema kweli yote mpaka pale ukuta unapoanzia, nikanyamaza.

Jana Ijumaa shimo la upande wangu likaanza kujazwa. Vijana wawili na toroli. Kifusi kilikuwa kinaingia na hakijai, kinaingia na hakijai, kwa sababu kilikuwa kinateleza kwenda upande wa pili chini ya ukuta. Nilisimama mlangoni nikiangalia. Na ng'ambo Idi alikuwa ameomba ruhusa kazini, anapaka rangi. Nilikuwa namsikia anapiga mluzi. Baada ya swala Mzee alipita, akaingia kwa Idi, nikamsikia anamsifia, rangi nzuri, ya baridi, mtoto atalala vizuri.

Nilijisemea si kazi yangu. Nyumba si yangu, shimo si langu, mtoto si wangu. Nilijisemea hata Mzee ameahidi kulishughulikia. Nilijisemea nina oda ya mapazia ya ukumbi inayosubiri, majora yako kitandani, nikifukuzwa hapa nitapata wapi chumba cha ukubwa ule karibu na barabara. Mahesabu yangu yote yalikuwa sahihi. Niliyapiga mara mbili.

Niseme tu nilivyo. Nililala kwenye mkeka sebuleni kwa sababu kitanda kimejaa vitambaa, na usingizi ulinipata.

Leo asubuhi Idi akagonga mlango. Alikuwa na rangi kwenye nyusi. Akaniomba, dada, naomba unishonee pazia la dirisha la chumbani, nataka Zaina akifika alikute. Nitakulipa kesho kutwa, akasema, huku anaangalia chini. Njoo upime.

Ningeweza kumwambia anitajie tu kipimo. Madirisha ya nyumba hii yote yanafanana, nayajua kwa kichwa. Lakini miguu ikaenda.

Alikuwa amefanya kazi nzuri, masikini. Rangi ya kijani mpauko, imekauka vizuri kabisa, nilipitisha kidole. Neti mpya imefungwa kwa utepe. Beseni jipya la mtoto, la waridi, bado lina karatasi ya dukani. Na kitanda, cha mbao ngumu, kile kizito cha kuchonga cha kwao Tanga, alikuwa amekisogeza mpaka ukutani. Ukuta ule. Akaniambia kwa furaha kwamba zamani kilikuwa dirishani ila amekisogeza huku ili mtoto asipigwe na upepo.

Nikaingia. Nilitembea kwenye kingo za chumba kama paka. Nikapima dirisha. Nikaandika. Idi alikuwa anaongea, sijui nini, kuhusu jina la mtoto. Kisha nikajiona nimechuchumaa, futi mkononi, napima sakafu kutoka ukutani kuja katikati ya chumba. Mita moja. Ishirini. Nikaweka kidole.

Idi akaniuliza kama pazia linafika mpaka chini.

Nikaomba ufagio. Nikagonga kwa mpini wake pale mlangoni, nikagonga tena ndani ya kipimo. Nikampa yeye agonge. Akagonga hapa, akagonga pale, anatabasamu akidhani nafanya utani. Akagonga tena chini ya kitanda. Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaondoka.

Nikamwambia. Lote. Magogo, bomba, mkanda wa zege, kifusi kinachoteleza kuja kwake. Nilimwambia na maneno ya Mzee, na ya mkataba. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu anayelipa nauli ya jana.

Hakupiga kelele. Alishika kitanda upande wa kichwani, nikashika upande wa miguu, tukakivuta mpaka sebuleni, sentimita kwa sentimita, tukipita pembeni. Kitanda kilikwama mlangoni. Tulivuta, tukasukuma, hakikusogea. Tulikaa juu ya kitanda kilichokwama, mmoja huku mmoja kule.

Halafu akachukua simu akampigia Zaina. Aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa haishiki.

Akamwambia asije kesho. Akae kwanza kwa mama, wiki moja hivi. Rangi haijakauka.

Nilimwangalia. Ukuta ulikuwa mkavu kama karatasi. Na nikaelewa anafanya nini. Anafanya alichofanya Mzee, kwa huruma ile ile. Anamlinda.

Zaina ana ulimi, mnaomjua mnajua. "Rangi gani hiyo inayokataa kukauka na jua la Dar? Idi. Umeweka mwanamke gani humo ndani?"

Akaapa. Akaapa tena. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Kwa nyuma nilimsikia mtoto akilia kidogo na mama yake Zaina akiuliza kuna nini. Zaina akasema tiketi ameshakata, mizigo imefungwa, kesho saa nane yupo mlangoni, na atakayemkuta atamkuta.

Nikamnyang'anya Idi simu.

"Zaina, ni Vero wa upande wa pili. Chini ya chumba chenu kuna shimo la choo cha zamani. Mbao zake zimeoza. Usimlaze mtoto humo."

Mtoto kule alinyamaza, au niliona hivyo mie. Nikawa najiuliza kama ndiyo maziwa yanakata, kama hivi ndivyo yanavyokata, kwa simu. Nikasubiri Zaina alie.

Hakulia. Aliuliza Mzee anajua? Nikasema anajua. Akauliza kitanda kiko wapi. Nikasema tumekitoa, kimekwama mlangoni, tumekikalia. Akauliza nguo za mtoto ziko kwenye kabati gani, nikasema zitatoka sasa hivi. Alikuwa anauliza kama karani, moja baada ya nyingine, na mie najibu.

Kisha akauliza, "Na wewe dada umejua tangu lini?"

Idi akageuka kuniangalia. Hilo hakuwa ameniuliza.

"Tangu Alhamisi."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nadhani alikuwa anahesabu, Alhamisi, Ijumaa, leo. Hakuna anayejua hesabu hiyo kuliko mie.

"Haya," akasema. Akakata.

Hakunitukana. Ningetamani anitukane.

Idi amekwenda kwa Mzee na kwa mjumbe wa mtaa. Wamekuja, wamegonga kwa ufagio, mjumbe ameruka kama Shabani. Chumba kimefungwa kwa kamba. Jumatatu kinavunjwa chote, mpaka mchanga mgumu, na Mzee amekubali, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa muda mrefu, tasbihi imelala magotini. Alipoondoka sikumwona akinitazama. Habari za mkataba hakuna aliyezigusa. Zaina atakaa Tanga mpaka zege likauke, hilo limethibitishwa na mama yake, si na yeye. Mie hajanipigia simu.

Mama mwenye duka la nyumba ya bluu amepita sasa hivi hapa barazani. Ameona kifusi, ameona kamba, akasimama na kapu lake. Akaniuliza mnajenga nini, Vero?

Mume wake anaumwa miguu, analala siku nzima chumba cha nyuma.

Nimemwambia aweke kapu chini. Nimekwenda ndani kuchukua futi na ufagio, na sasa ananisubiri getini, kwa hiyo naishia hapa.